Hizi Nyasi Mlizipima Lini?

Kosa langu la kwanza lilikuwa la tafsiri. Nilikuwa nimepata kibarua cha siku mbili, kuandika kumbukumbu za mkutano chini ya mgunga huko Kajiado. Kampuni fulani ilikuwa imekuja kuwaeleza wenye ranchi ya jamii kuhusu biashara ya kaboni ya udongo: mkipanga malisho vizuri, nyasi zitaongezeka, mizizi itaongezeka, kaboni itabaki ardhini, na kuna watu ng'ambo watakaolipa. Afisa wao alikuwa akiruka kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, na kijana mmoja wa pale akiyapeleka maneno kwa Kimaa. Ikafika mahali nikaulizwa, wewe uliyesoma, hiki kinachouzwa kinaitwaje kwa Kiswahili? Nikasema bila kufikiri: mikopo ya kaboni.

Mama mmoja akainua mkono. "Huo mkopo tutaulipa lini? Na riba ni ngapi?"

Watu walicheka mpaka kijana wa kutafsiri akasahau zamu yake. Mimi nilitamani mgunga uniangukie.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, ila halikumchekesha mtu. Afisa alikuwa ameonyesha karatasi yenye tarakimu, tani fulani za kaboni kwa kila hekta, kila mwaka, kwa miaka thelathini. Mzee mmoja akasimama, akaegemea fimbo yake, akauliza kwa Kiswahili chake mwenyewe bila kumngoja mtafsiri: "Hizi nyasi mlizipima lini? Mimi niko hapa kila siku. Sijawaona."

"Tumetumia modeli ya kompyuta, mzee," afisa akajibu.

Mzee akaketi. Nami nikaandika kwenye daftari: swali limejibiwa.

Nilisomea historia, si sayansi. Lakini neno "lini" ni la kwetu watu wa historia, na usiku ule nikiwa kwenye matatu ya kurudi Nairobi lilinikera. Modeli, kwa ninavyoielewa sasa, ni hesabu. Unaiambia mvua ilinyesha kiasi gani, joto ni nyuzi ngapi, udongo ni wa aina gani. Yenyewe inakuambia nyasi zitaota kiasi gani, zitakufa kiasi gani, na kaboni ngapi itarudi hewani vijidudu vikishakula mabaki. Sawa. Lakini nani aliwahi kuiambia modeli kwamba imekosea? Mahali fulani, siku fulani, mtu fulani lazima alishika nyasi halisi mkononi. Nikaanza kumtafuta mtu huyo. Sikutarajia kumpata Lang'ata.

Sehemu ya hewa ilikuwa rahisi. Mwezi Machi 1958, Mmarekani Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alipata takriban sehemu 313 katika kila milioni. Siku hizi tumepita 420. Kwa kuwa upepo huichanganya hewa ya dunia nzima, kituo kimoja kilichowekwa mahali pazuri kinaweza kusemea sayari yote. Mstari wa Keeling haukupanda tu, ulikuwa pia ukishuka na kupanda kila mwaka, kwa sababu mimea ya kaskazini mwa dunia huvuta hewa ukaa inapochipua na kuirudisha inapooza. Watu wakaona kwa mara ya kwanza kwamba nchi kavu inapumua. Inavuta kiasi gani, na wapi, hilo mstari haukusema. Nchi kavu haichanganyiki kama hewa. Nyasi za Kitengela hazijui lolote kuhusu msitu wa Kakamega.

Mjerumani Helmut Lieth ndiye aliyejaribu kuisemea yote kwa mpigo. Mwaka 1971, kwenye kongamano huko Miami, alionyesha ramani ya uzalishaji wa mimea ya dunia iliyochorwa kwa kompyuta. Hesabu yake ikabaki na jina la mji ule: Modeli ya Miami. Ukiiona utadhani kuna kurasa zimepotea. Ina milinganyo miwili pekee. Mmoja unauliza mvua ya mwaka, wa pili unauliza wastani wa joto, kila mmoja unatoa jibu lake, halafu unachukua lile dogo. Basi.

Nimeifanya kwenye simu. Niliweka milimita 800 za mvua na nyuzi 19 za joto, tarakimu za kawaida kwa upande wa Nairobi penye mbuga. Joto likasema mimea inaweza kutoa karibu gramu 2,160 za majani makavu kwa mita mraba kwa mwaka. Mvua ikasema hapana, ni kama 1,236 tu. Jibu dogo ndilo linaloshika. Kwa maneno mengine, hesabu ya mwaka 1971 inajua jambo ambalo mfugaji yeyote wa Kajiado angekuambia bure: hapa kwetu anayeamua ni mvua.

Ila Lieth naye alihitaji vipimo vya kuchorea mistari yake, na vipimo vya wakati ule vilikuwa na kasoro ambayo ilichukua miaka kuonekana. Ngoja nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye utamu.

Kuanzia 1964 hadi 1974 kulikuwa na Mpango wa Kimataifa wa Biolojia, IBP, uliotaka wanasayansi wa nchi mbalimbali wapime mimea kwa njia zinazolingana. Kwa nyasi, njia iliyozoeleka ilikuwa hii: subiri zifikie kilele chake, kata, kausha, pima uzito. Uzito huo ndio uzalishaji wa mwaka. Kwa Ulaya au Marekani ya kaskazini si wazo baya. Baridi inaua kila kitu, nyasi zinaanza karibu na sifuri, zinapanda msimu mmoja wa joto, zinafika juu, zinakufa. Ukipima kilele umeona karibu kila kitu.

Sasa ilete njia hiyo hapa. Tuna mvua ndefu na mvua fupi. Jani linachipua huku jirani yake linakauka. Lililokauka linaliwa na mchwa kabla hujamaliza kunoa mkasi. Nyasi zinaingia na kutoka mwaka mzima. Kupima kilele peke yake ni kama mtu achukue simu yako, atafute siku ambayo salio la M-Pesa lilikuwa kubwa kuliko siku zote, aseme: basi, huo ndio mshahara wako wa mwaka. Wewe unajua ni pesa ngapi zimepita hapo na kwenda kwa mwenye nyumba. Na mizizi hata haimo katika hesabu hiyo, ilhali kwa nyasi mizizi ni kama ile pesa uliyoficha kwa chama.

Matokeo yake, mbuga za nyasi za nchi za joto zilionekana maskini kwenye vitabu. Misitu ilisifiwa, nyasi zikaachwa zijaze nafasi iliyobaki kwenye ramani.

Katika miaka ya 1980 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lile lililoko Gigiri, lilifadhili utafiti wa kurudia vipimo hivyo upya katika nchi za joto: Mexico, Thailand, Brazil, na Kenya. Eneo la Kenya lilikuwa ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Waliolishughulikia walikuwa Jenesio Kinyamario na S. K. Imbamba wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Data zao zinaanzia 1984, mwaka ambao wazazi wetu wanaukumbuka kwa ukame na mahindi ya manjano ya msaada. Nyasi zilizotawala pale ni aina mbili, Themeda triandra, ile yenye vichwa vyekundu-kahawia inayopendwa na ng'ombe na pundamilia, na Pennisetum mezianum, yenye mashina magumu.

Njia yao ilikuwa ya kuchosha. Usingoje kilele. Rudi kila mwezi. Kata nyasi kwenye kipande kidogo cha ardhi, halafu tenganisha zilizo hai na zilizokufa. Chimba udongo, osha, toa mizizi. Fuatilia pia mabaki yanavyooza, ili ujue kilichotoweka kati ya ziara moja na nyingine. Kisha jumlisha, si kilichosimama peke yake, bali kilichosimama pamoja na kilichokwisha kufa na kupotea.

Maneno "tenganisha" na "osha" yanasomeka haraka, kwa hivyo nikaamua kujaribu. Shangazi yangu ana kiploti Rongai ambacho hajajenga, udongo ule mweusi unaonata kama ugali mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi mpaka unaweza kupoteza simu kwenye ufa. Jumamosi moja nilipima mraba wa nusu mita kwa nusu mita, nikakata nyasi zote, nikakaa kwenye karai lililopinduliwa kuzichambua. Jani moja lina ncha iliyokauka na shina la kijani. Ni hai au limekufa? Dakika ishirini za kwanza nilikuwa naamua kwa haki. Saa mbili baadaye nilikuwa naamua kwa njaa. Mizizi nilishindwa kabisa. Niliweka bonge la udongo kwenye maji, nikasuuza kwa kichujio cha chai, nikapata uzi-uzi mweusi ambao sikuweza kuujua kama ni wa mwaka huu au wa wakati wa Moi. Shangazi alitoka, akaniangalia, akauliza, "Mama, ni nani amekuroga?"

Hiyo ilikuwa nusu mita, mara moja. Wale walifanya hivyo mwezi baada ya mwezi, ndani ya mbuga yenye simba.

Ripoti ya maeneo haya yote ilipotoka mwaka 1989, ilisema kwamba ukihesabu vifo na mizizi, uzalishaji wa nyasi za nchi za joto unaweza kufika hadi mara tano ya ule uliopatikana kwa njia ya IBP. Mara tano! Kitabu kamili kilifuata mwaka 1992, chenye sura nzima kuhusu savana ya Mbuga ya Nairobi. Nyasi zenyewe hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni idadi ya mara ambazo mtu alienda kuziangalia.

Huku hayo yakiendelea, huko Fort Collins, Colorado, William Parton na wenzake walikuwa wanatengeneza modeli iliyoitwa Century. Ilitolewa mwaka 1987 kwa ajili ya nyanda za nyasi za katikati ya Marekani. Wazo lake bado liko ndani ya modeli nyingi za leo: kaboni ya udongo haiko katika fungu moja. Kuna fungu linalozunguka haraka, miaka michache tu. Kuna la polepole, makumi ya miaka. Na kuna lile sugu, la mamia ya miaka hadi zaidi ya elfu. Kila mwezi modeli inahamisha kaboni kutoka fungu hadi fungu, ikiongozwa na mvua, joto na kiasi cha mfinyanzi kwenye udongo.

Swali lilikuwa kama modeli iliyolelewa Colorado, penye theluji, inaweza kuaminika nje ya kwao. Mwaka 1993 walichapisha mtihani. Walichukua maeneo 11 ya nyasi duniani, ya baridi na ya joto, na kati yao ikawamo mbuga yetu ya Nairobi. Nilipoliona jina la Nairobi kwenye orodha ile nilipiga meza. Yule mtu niliyekuwa namtafuta, wa kuiambia modeli kwamba umekosea, alikuwa amekaa kilomita chache kutoka Galleria na bunda la nyasi zilizokaushwa.

Matokeo yanastahili kusomwa polepole. Kwa kaboni ya udongo, modeli ilikuwa ndani ya asilimia 25 ya kipimo halisi, katika maeneo yote. Mia kwa mia. Kwa nyasi hai zilizo kwenye kilele, pale waliposhughulikia maeneo yaliyochomwa moto, kuwekwa mbolea au kumwagiliwa maji, ilikuwa ndani ya asilimia 25 katika asilimia 57 ya visa. Ukisoma haraka unasema: kumbe udongo ndio rahisi! Hata mimi nilisema hivyo, nikafurahi kwa niaba ya wazee wa Kajiado.

Nilichelewa kuona kilichojificha hapo. Tutarudi.

Miaka hiyohiyo modeli zilikuwa zinazaliwa kama vituo vya bodaboda. Kila chuo kina yake. Ikabidi zikutanishwe. Mikutano ya Potsdam, Ujerumani, katikati ya miaka ya 1990 iliziweka modeli 17 pamoja, zikapewa hali ya hewa moja na udongo mmoja kadiri ilivyowezekana, zikaulizwa swali moja: mimea ya nchi kavu yote inatengeneza kaboni kiasi gani kwa mwaka? Majibu yalichapishwa mwaka 1999. Mbili ziliondolewa kwa sababu majibu yao yalipotoshwa na masharti ya zoezi lenyewe. Zilizobaki zilitofautiana kuanzia tani bilioni 44.4 hadi bilioni 66.3. Pengo hilo, karibu tani bilioni 22, ni zaidi ya mara mbili ya kaboni ambayo binadamu anaitoa leo kwa mwaka akichoma makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Wanafunzi 17 wamefanya karatasi moja ya KCSE, wamekaa nje ya chumba cha mtihani wanalinganisha majibu. Unaweza kuona nani yuko peke yake. Huwezi kujua nani yuko sahihi, maana mwongozo wa kusahihisha haupo. Na wakikubaliana wote, huenda walisoma tyusheni kwa mwalimu mmoja.

Miaka iliyofuata watu walihangaika kutengeneza mwongozo huo. Vipimo vya zamani vya nyasi na misitu vikakusanywa katika maabara ya taifa ya Oak Ridge, Tennessee, na data za Mbuga ya Nairobi, 1984 hadi 1994, ziko huko mpaka leo. Ukiwa na bando unazichukua bure. Minara nayo ikaanza kusimama: chombo kinapima upepo ukipanda na kushuka mara kumi au zaidi kwa sekunde, pamoja na hewa ukaa iliyobebwa, na kwa hesabu hiyo unajua kipande kile cha ardhi kimevuta au kimetoa. Harvard Forest, Massachusetts, wamekuwa wakipima hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Minara iliongezeka Ulaya na Marekani hadi ikawa mtandao wa dunia. Afrika ikapata michache tu.

Hiyo michache ina madhara. Mwaka 2006 modeli 11 zilizounganisha hali ya hewa na kaboni ziliulizwa ongezeko la joto litaongeza hewa ukaa kiasi gani zaidi kufikia mwaka 2100 kwa sababu ya misitu na udongo kuchoka. Zote zilikubaliana kwamba itaongezeka. Moja ikasema sehemu 20 kwa milioni, nyingine 200. Sehemu kubwa ya tofauti ilitoka nchi kavu, na hasa nchi za joto. Kwetu.

Kisha kuna kisa cha mwaka 2015 ambacho nakipenda vibaya. Watafiti waliona kwamba kulinganisha modeli na kipimo hakutoshi, lazima uulize kwanza: tulitarajia ifanye vizuri kiasi gani? Wakachukua modeli 13 za nchi kavu, zile zinazotumika na taasisi kubwa za utabiri wa hali ya hewa, wakazishindanisha na mstari wa kawaida uliochorwa kwa takwimu, ule wa darasani, uliopewa taarifa ya mwanga wa jua pekee. Mashindano yalikuwa kuhusu joto na mvuke vinavyotoka ardhini, si kaboni, lakini modeli ni za ukoo uleule. Katika kukadiria joto linalopanda kutoka ardhini, mstari ule ulizishinda modeli zote. Miaka mingi ya kazi, imeshindwa na kitu ambacho ningeweza kukifanya kwenye simu ndani ya matatu. Walioandika hayo walikuwa pamoja na wenye modeli wenyewe, na hilo niliwaheshimu nalo.

Sasa turudi kwa ule udongo wa mia kwa mia.

Tuseme ardhi ya Kajiado ina tani 60 za kaboni kwa hekta. Ni mfano wangu, usiuweke kwenye ripoti. Modeli ikikosea kwa asilimia 25, imekosea kwa tani 15, na kwa kipimo cha 1993 imefaulu. Lakini kinachouzwa chini ya mgunga si zile 60. Hizo ziliwekwa na mizizi ya miaka mia kadhaa, hazina mnunuzi. Kinachouzwa ni nyongeza: sehemu ndogo ya tani, labda nusu, kwa mwaka, inayodaiwa kuja kwa sababu ng'ombe wamehamishwa kwa ratiba mpya. Hiyo nusu tani ndiyo inayotafutwa ndani ya kosa linaloruhusiwa la tani 15. Kupata jumla ya udongo ni rahisi kwa sababu udongo haubadiliki haraka. Na kwa sababu hiyohiyo, kuthibitisha kwamba umebadilika ni kazi ya miaka, na ya kuchimba mashimo mengi. Modeli inaweza kufaulu mtihani wote na bado isijue jibu la swali linalolipiwa.

Sisemi modeli ni uongo. Bila hizo tusingejua hata hili. Kwa miaka mingi ripoti ya kila mwaka ya kaboni ya dunia ilipata mchango wa nchi kavu kwa kutoa tu: kilichochomwa, toa kilichobaki hewani, toa kilichoingia baharini, kinachosalia lazima kimeingia ardhini. Mwaka 2017 waliacha, wakaanza kutumia modeli zenyewe na kuandika wazi safu ya kiasi ambacho hesabu haifungi. Kila ripoti sasa ina mstari wa "hapa hatujui". Ningependa kuuona mstari kama huo kwenye karatasi zinazopelekwa vijijini.

Maana pesa zimeshafika. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka miradi ya ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii. Vizuri. Asilimia 40 ya nini, kimeamuliwa na hesabu. Kaskazini mwa nchi, mradi mkubwa wa kaboni ya nyasi unaohesabu kuanzia 2013 ulitumia modeli iliyokuzwa kutokana na utafiti wa Serengeti. Mwaka 2023 Verra, shirika la Marekani linalosajili miradi ya namna hiyo, lilianza kuupitia upya baada ya malalamiko, na Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za jamii zilizolalamikiwa ziliundwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Kesi haikuwa kuhusu milinganyo. Lakini mtu ambaye hakuulizwa kuhusu mpaka wa ardhi hataulizwa kuhusu kiasi cha mfinyanzi kwenye udongo wake.

Niseme pia kwamba vipimo havikuishia 1994. Pale Kapiti, ranchi ya utafiti ya ILRI kule Machakos, kuna mnara sasa, na ng'ombe wanalisha chini yake, jambo ambalo kwa modeli nyingi za zamani halikuwa hata na nafasi ya kuandikwa. Ukipanda treni ya kwenda Mombasa unapita nyanda hizohizo. Mimi huwa natazama dirishani nikitafuta chombo kinachozunguka, naona twiga.

Mwezi uliopita niliwaandikia wale wa kampuni nikiomba warekebishe kumbukumbu zangu: pale nilipoandika "swali limejibiwa", isomeke "swali halikujibiwa". Hawajajibu. Nikatafuta namba ya yule kijana wa kutafsiri, akampelekea mzee simu.

Nikamsalimu, nikajitambulisha kama yule msichana wa mikopo. Akacheka kwanza. Nikamweleza: mzee wangu, zile hesabu zilijaribiwa kwa nyasi zilizokatwa Nairobi, kwenye mbuga, kuanzia 1984.

"Themanini na nne," akasema. Kimya kidogo. "Mwaka huo ng'ombe wetu waliisha. Walipima nyasi gani?"

Nikasema walipima kila mwezi, hata zilizokufa. Hiyo ilimpendeza, nilisikia kwa sauti. Akauliza nani aliwalipa. Nikasema Umoja wa Mataifa. Akauliza kama walichimba na mizizi. Nikasema ndiyo, waliosha udongo wakatoa mizizi, na mimi mwenyewe nimejaribu kwa shangazi nikashindwa.

"Ulichimba mwezi gani?"

"Wa pili."

Akamwambia kijana kitu kwa Kimaa, nikasikia wote wawili wanacheka. "Mzee anasema mwezi wa pili hata mchwa hawachimbi," kijana akanieleza. "Anasema uje wa nne, mvua ikishika. Na ubebe hilo karai."